Shangazi Katika Damu ya Baba

Kazi yangu ni kuchunguza mkono. Si mkono wa kushikia kikombe cha chai, bali kipande kidogo cha protini ambacho kazi yake ni kushika protini nyingine ndani ya seli. Kwenye maabara, Nairobi, tunaviita vipande hivyo kwa herufi na namba. Nyumbani kwetu Naro Moru niliwahi kusema "mkono" mara moja tu, nikiwa na haraka ya kumaliza mazungumzo, na tangu hapo sijapata amani. Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa akatangaza kwamba binti yetu anasomea mikono mpaka daraja la udaktari. Ibada ilipoisha nikakuta foleni inanisubiri nje. Mama mmoja kutoka Chaka alikuwa na kifundo kilichovimba, jirani yetu alikuwa na kidole kisichokunjika, na mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa mizima kabisa akaniuliza kama naweza kumwangalia ng'ombe.

Nilimwangalia ng'ombe. Ningefanya nini?

Kwa hivyo baba alipoambiwa kwamba ana saratani ya damu, watu wote wa nyumbani walishusha pumzi. Si tuna daktari wetu! Aliyeogopa ni mimi peke yangu, kwa sababu ugonjwa ule nilikuwa naujua kwa sura. Nilikuwa nimeuona kwenye kompyuta, umepakwa rangi nzuri, nikiuzungusha huku na huku kwa kidole. Sasa ulikuwa ndani ya mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Niueleze kidogo, maana bila hivyo kisa hiki hakitasimama. Seli haina masikio. Habari ikifika mlangoni mwake, protini moja huishika nyingine, na hiyo nayo huishika ya tatu, mpaka habari ifike ndani kabisa na seli iambiwe igawanyike, itulie au ife. Kila mkono una umbo lake na hushika kile kinachoutosha tu. Saratani nyingi huanzia hapo, kwa mkono ulioshika kisichopaswa kushikwa, au uliokataa kuachia. Kwa baba, vipande viwili vya kromosomu vilikuwa vimebadilishana mahali, na protini mbili ambazo hazikupaswa kujuana zikaunganishwa kuwa kitu kimoja. Kitu hicho kilitoa amri ya kugawanyika mchana na usiku bila kuambiwa na yeyote, na damu ikajaa seli nyeupe zisizo na kazi.

Bahati ni kwamba saratani hiyo ina kidonge. Kimoja kila siku, baada ya chakula, na kwa mgonjwa kama baba ni bila kuacha. Protini ile mbovu ina kishimo ambamo hushika nishati inayoitumia kutolea amri. Kidonge kinaingia humo, kinakaa, na amri inakoma. Baba alimeza, damu ikarudi mahali pake, akaanza tena kunenepa na kubishana na watu barabarani.

Halafu mama akanipigia simu.

"Baba yako ameacha dawa," alisema. "Ile chupa natingisha, naona haipungui. Nikimuuliza, ati amefika kambi."

Nilielewa mara moja, na nikakasirika mara moja. Baba alibeba mizigo ya wapanda mlima karibu maisha yake yote, mwishowe akawa msimamizi wa wapagazi, na kila kitu duniani hukipima kwa sheria za kazi ile. Sheria kubwa kuliko zote ni kwamba mzigo ukifika kambini unashushwa. Mpagazi anayelala na mzigo mgongoni ni mjinga, na baba hajawahi kuwa na huruma na mjinga. Daktari wake wa kliniki ya Nyeri alikuwa amemwambia, "Mzee, damu yako sasa iko sawa." Kwa baba hiyo ilikuwa kambi. Akashusha.

Nilienda nyumbani wikendi ile ile. Nilimkuta ameketi nje, amevaa kofia yake ya sufu na jua linawaka, anavyopenda. Hapa inafaa niseme jinsi tunavyoitana. Mimi ni binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, kwa hivyo baba hajawahi kuniita kwa jina. Huniita Maitu, yaani mama yangu. Ni heshima kubwa, na haijawahi kunisaidia kitu.

"Maitu, umekuja kunigombeza," alisema.

"Nimekuja kukusalimia."

"Basi salimia halafu unywe chai."

Tulikunywa chai. Kisha nikaanza kwa upole, nikitumia lugha ya kazi yake.

"Baba, fikiria wapagazi wako wamejipanga mstari. Wewe unamwambia wa kwanza tuondoke. Huyo anamgusa mwenzake bega, mwenzake anamgusa mwingine, mpaka wa mwisho anajua ni wakati wa kwenda."

"Sawa."

"Sasa mmoja wa katikati ameharibika akili. Anagusa mwenzake saa zote, twende, twende, na hakuna mtu amemwambia."

"Huyo namfukuza."

"Huwezi. Yuko ndani ya damu yako."

"Nani alimwandika?"

"Hakuna mtu alimwandika. Alijitokeza tu."

Baba alibadilisha lugha hapo hapo, kutoka Kikuyu kuja Kiswahili. Akifanya hivyo ujue amekasirika, maana Kiswahili ndiyo lugha aliyokuwa akiamrishia watu mlimani. "Hakuna mtu anajitokeza tu kwa mlima! Lazima alikuja na mtu. Alikuja na nani?"

Nilieleza kromosomu. Nilijuta. Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikamchorea protini yote pamoja na mikono yake na kile kishimo. Baba aliitazama kwa makini sana, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Hii ni soko ya Chaka," alisema.

"Hapana, baba."

"Ni Chaka. Hapa ndio wanauza viazi." Aliweka kidole pale pale kwenye kishimo.

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimpandishia sauti baba yangu, mchana, majirani wakisikia. Nilimwambia kwamba kama mimi ni mama yake basi ninaamuru, ameze dawa sasa hivi mbele yangu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona nani anapigwa.

"Mama yangu hakuwahi kuninywesha dawa," baba alisema kwa utulivu. "Alikuwa ananichapa tu. Nakula, nalala, natembea mpaka geti ya mlima bila kupumzika. Kwani unataka niwe mgonjwa kwa lazima?"

Nilirudi kazini nikiwa nimeshindwa. Siku chache baadaye mama alifaulu kumvuta mpaka kliniki, kwa kumdanganya kwamba wanaenda Nyeri kununua vitambaa, na damu ikatolewa. Daktari alinipigia mwenyewe. Seli nyeupe zilikuwa zinapanda tena. Alisema bado kuna nafasi, ila tukiuacha ugonjwa ukimbie unaweza kubadilika tabia, na ukibadilika kidonge huenda kisifae tena. Sikuhitaji kuelezewa. Niliingia kwenye chumba cha darubini nikafunga mlango, nikalia, kisha nikafuta uso nikaendelea kutazama mkono wangu.

Lakini vitambaa vilikuwa vya kweli. Mdogo wangu alikuwa anaolewa na kijana wa Kianyaga, mpole, mtoto wa watu wa majani chai, anayesema "asante" hata akipishwa njiani. Siku ya ngurario, sherehe yetu ya kimila ya harusi, ilikuwa imekaribia, na baba alikuwa hashikiki. Habari za damu hakutaka kuzisikia. Alitaka kusikia habari za mbuzi, hema na nani atakata nyama.

Alikuwa pia na mpango wa siri na dada yake. Shangazi huyu, dada ya baba, ni nyanya wa watoto wengi, lakini ukimwona kwa nyuma utadhani ni msichana, mrefu na mwembamba kama mdogo wangu. Ameuza viazi Chaka tangu sijazaliwa. Akikusalimia kwa mkono unahesabu vidole baadaye.

Katika ngurario kuna saa ambapo bibi harusi huletwa akiwa amefichwa katikati ya wanawake wengine. Wote wamefunikwa kwa leso kuanzia kichwani mpaka karibu na chini, hata macho hayaonekani. Bwana harusi hupita mbele yao, bila kufunua, mpaka amtambue wake na amshike mkono. Akikosea, watu wanamcheka mpaka ajute kuzaliwa, na anatozwa faini. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofunikwa. Kulia kwangu alikuwa mdogo wangu, kushoto alikuwa shangazi, na ndani ya leso kulikuwa na joto la jikoni.

Nikatazama chini, mahali pekee nilipoweza kuona. Shangazi alikuwa amevaa viatu vya bibi harusi.

Vilikuwa viatu vyeupe vyenye ua la kitambaa, na kila mtu alijua ni bwana harusi aliyevinunua. Mdogo wangu alikuwa amevalishwa viatu vya mama vya kanisani, vyeusi, vilivyochoka visigino. Alikuwa anacheka mpaka leso inatetemeka.

Kijana wa Kianyaga akaja. Nilisikia hatua zake zikienda polepole, nikasikia wanawake wa kwao wakimpigia kelele za kumpa moyo. Alipita mbele ya mdogo wangu kama anapita mlingoti wa stima. Akapita mbele yangu. Kisha akaona viatu. Nilisikia akivuta pumzi ya furaha, akatia mkono chini ya leso, na shangazi akamshika.

"Ni huyu!" alisema.

"Una hakika?" aliuliza msema-chochote wa sherehe. "Hebu shika vizuri."

"Nina hakika. Asante."

Alijaribu kuutoa mkono wake, labda ili afunue leso. Shangazi hakuachia. Alijaribu tena. Nadhani hapo ndipo vidole vyake vilipoanza kumwambia kitu kuhusu viazi, lakini alikuwa ameshatangaza mbele ya koo mbili, na viatu vilikuwa ni vile vile. Akabaki amekwama, anatabasamu, anavuta kidogo kidogo. Upande wangu wa kulia, mdogo wangu alisimama salama, hakuna aliyemgusa, harusi yote imesimama.

Ndani ya leso nilisema kwa sauti, "Mungu wangu, ni kidonge!"

"Nyamaza wewe," shangazi alininong'oneza. "Utaniharibia."

Leso ilipofunuliwa sikuona mengi kwa sababu nilikuwa napigana na yangu ili nitoke. Nilisikia tu kelele, na juu ya kelele zote kicheko cha baba, ambacho kilianza kama kikohozi na kuishia kwa watu wawili kumshika asianguke kutoka kwenye kiti. Kijana alitozwa mbuzi. Alisema asante.

Nilimngoja baba mpaka nyama ilipoanza kuliwa. Nilimkuta nyuma ya jikoni na sahani yake, bado anajifuta machozi.

"Baba, yule kijana kwa nini alimshika shangazi?"

"Aliona viatu!" Akaanza kucheka upya.

"Na akishika shangazi, anaweza kushika bibi harusi?"

"Na mkono gani? Dada yangu haachilii mtu."

"Basi sikiza. Ndani ya damu yako kuna bwana harusi."

Aliacha kutafuna.

"Ana mkono wa kushika. Ameumbwa kushika kitu kimoja tu, hicho ndicho bibi harusi wake. Akimshika, harusi inafanyika, watoto wanazaliwa, ukoo unaongezeka. Hizo ndizo zile seli daktari anahesabu. Halafu anashika tena, harusi ingine. Hachoki."

"Kila siku?"

"Kila dakika. Hata saa hii unakula."

Baba aliweka sahani juu ya jiwe. "Na mahari?"

"Mahari gani?"

"Huyo bwana harusi ya damu yangu. Analipa mahari kwa nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo, lakini nilipoiona sura yake nilijua nimefika mahali ambapo miaka yangu yote ya masomo haikuwahi kunifikisha. "Hakuna," nilisema.

"Hata mbuzi moja?"

"Hata kuku. Hakuna wazee waliokuja, hakuna mtu alibisha kwa geti. Anaoa tu, baba. Anaoa ndani yako na anajaza boma."

Baba alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo, hata siku ile mpagazi alipoangusha hema ya wageni bondeni.

"Na hiyo dawa?"

"Dawa ni shangazi. Amevaa viatu vya bibi harusi, anakaa pale kwa mkono. Bwana harusi anamshika, anakwama. Hakuna harusi."

"Kwa hivyo mimi nimetoa dada yangu hapo," alisema polepole, "nikamwacha huyo mwizi na nyumba?"

"Ndiyo."

"Si ungesema hivyo! Umekuja hapa na soko ya Chaka!" Akageukia jikoni akapaza sauti. "Mama ya watoto! Lete dawa!"

Mama alitoka mbio akidhani ameanguka. Baba alimeza kidonge kwa supu ya mbuzi, mbele yetu, akapiga kifua mara moja ili kishuke. Kisha akauliza swali lililokuwa limebaki.

"Anakaa muda gani, huyu shangazi?"

"Siku moja. Halafu anachoka, anaenda nyumbani. Lazima uite mwingine kesho."

"Mpaka lini?"

"Hii haina kambi, baba. Ni kutembea tu."

Tuliwasikia watu wa Kianyaga wakiimba kwenye hema. Nilitaka kusema jambo la kumtuliza, lakini sikutaka kumdanganya, kwa hivyo niliketi kando ya sahani yake.

"Na siku huyo kijana atamjua shangazi?" aliuliza mwishowe. "Hata huyu wetu hawezi kudanganywa mara ya pili."

Ilikuwa ndiyo hofu yangu hasa. Kile kishimo kinaweza kubadilika umbo, na kidonge kikakosa pa kukaa. "Inaweza kutokea," nilimwambia. "Ndiyo maana hatutaki apate nafasi ya kujifunza. Na akimjua huyu, kuna dawa zingine. Zina viatu tofauti."

"Hapo hakuna shida," alisema baba, akichukua sahani yake. "Mashangazi tuko nao wengi."

Habari zilimfikia shangazi kabla ya jua kuzama. Nilitegemea atacheka. Badala yake alikuja kunishika mkono, nikaumia, akaniuliza kama ni kweli kwamba ndiye anayemkalia kaka yake kwenye damu. Nilimwambia ni kweli. Alisimama wima zaidi, na tangu siku hiyo hutembea sokoni kama mtu mwenye cheo. Kule kliniki ya Nyeri, nilikompeleka mwenyewe, daktari alipomuuliza baba anatumia dawa gani, baba alijibu, "Natumia dada yangu." Daktari alinitazama. Nilimwambia aandike tu jina la kawaida.

Seli nyeupe zilianza kushuka. Sisi tulikubaliana kwamba kila asubuhi akishameza atanitumia ujumbe wa sauti, na ujumbe wake huwa ni neno moja. "Amekaa." Nyuma yake nasikia kuku, au mama akilalamika kuhusu moshi, halafu unakatika. Nausikiliza nikivaa koti la maabara. Wenzangu wanajua kwamba kabla ya neno hilo nisiulizwe kitu.

Juzi haukuja. Nilivaa koti, nikalivua, nikalivaa tena. Nilipiga simu yake haipatikani, ya mama haipatikani. Niliweka sampuli zangu kwenye mashine bila kuwasha mashine. Karibu na saa ya chakula cha mchana simu ililia.

"Maitu," alisema baba kwa Kiswahili. "Netiweki ilienda. Ati umepiga mpaka kwa shangazi sokoni? Ameacha viazi amekuja hapa mbio bila viatu."

Nilivuta kiti nikaketi.

"Ulifikiri nimekufa?"

"Ndiyo," nilisema.

Nilimsikia shangazi upande wa pili akihema na kuomba maji. Baba alikohoa kidogo, akarudi kwenye Kikuyu, lugha asiyoitumia kuamrisha mtu.

"Amekaa tangu asubuhi," alisema. "Kesho nitatuma kabla ya chai."